Gome la Mti wa Tranter

Nerida Falkiner alijua kuna jambo tangu pale Alby Tranter alipomwambia anywe chai kwanza. Alby hakuwa mtu wa chai kwanza. Kwa kawaida ukishuka tu kwenye pikapu unamkuta ameshatangulia na gambuti zake kuteremka bondeni, anakupigia kelele uharakishe kabla mvua haijarudi. Leo alikuwa amepasha moto skonzi za malenge, ametandika kitambaa mezani, na barazani kulikuwa na viti vingi ambavyo Nerida hajawahi kuviona.

"Umefungua mgahawa, mzee?"

"Kaa bwana, mwalimu. Mti hauna miguu."

Akakaa, shingo upande. Alby alikuwa akimwita mwalimu kwa utani tangu alipotoa kile kitabu chake cha kutambulia miti, na Nerida, mwanamke mkavu asiyependa kusifiwa, hilo moja alilipenda.

Misitu ya huku juu ya mji wa Malanda si ya kuchezea. Majani ni yale yale, kijani kile kile cha kung'aa, na maua yako juu huko wanakoyaona ndege peke yao. Ukitaka kuujua mti unakiuliza kitabu, na kitabu nacho kinakuuliza wewe. Majani yamekaa mawili mawili au moja moja? Ukilifikicha linanuka nini? Ukiliinua kwenye mwanga lina vitone? Unajibu, kinakupunguzia, mpaka inabaki miti miwili mitatu inayogombania jina, na hapo ndipo unapotoa kisu. Unabandua gome kidogo, unatazama ndani. Ujana wa Nerida uliishia kwenye kitabu hicho. Wenye maneno yao walisema hata ndoa yake iliishia humo, na hawakukosea sana.

Mti wa Tranter ulikuwa na gome la ajabu. Ukilikata linatoka jeupe kama siagi, na macho yako yakiwa hapo hapo linageuka zambarau. Hakuna mwingine unaofanya hivyo. Wala hakukuwa na mwingine wa aina yake ambao mtu angeweza kuufikia. Msitu wote uliouzunguka babu yake Alby aliufyeka apate malisho, na huu ulipona baadaye kwa sababu Valma, mke wa Alby, alisema atakayeugusa atajipikia mwenyewe. Nerida aliomba ruhusa ya kuuandika kitabuni, na njia ya kufika. Alby akamwambia andika, mama, waje wauone.

Kisha mama yake Nerida akaugua huko Brisbane. Nerida alikaa naye miaka miwili, akamlisha, akamwogesha, akamzika. Alikuwa amerudi majuzi tu, na kitu cha kwanza alichokitaka duniani kilikuwa tunda la mti huu. Haukuzaa kila mwaka, na mara zote ulizozaa, panya walimtangulia kuokota. Mwaka huu, kwa hesabu zake, ulikuwa mwaka wa kuzaa. Akipata mbegu ataotesha miche, na mti usiokuwa na mwenzake utapata mwenzake. Alikuwa amekuja na mfuko wa kutilia.

"Umezaa?" akauliza.

"Ongeza siagi kwenye hiyo skonzi."

"Alby. Umezaa?"

Alby akatazama ndani ya kikombe chake. Nerida akakiacha chakula, akateremka peke yake.

Toka kwenye lango la ng'ombe aliona mwanga. Mahali pale hapakuwa pa mwanga. Palikuwa pa giza la mchana, na ruba, na ubaridi. Sasa jua lilikuwa likimwagika chini kwa sababu juu hakukuwa na kitu, matawi matupu yamenyoosha vidole. Akasema kimoyomoyo labda ni kimbunga, labda unapukutisha tu, miti mingine hupukutisha. Alijua huu haupukutishi. Aliyeandika hivyo ni yeye.

Shina ndilo lililomwambia. Kwa usawa wa kifua, kote kuuzunguka mti, gome lilikuwa limebanduliwa kipande kwa kipande, vingine vya ukubwa wa ukucha kama kitabu kinavyoagiza, vingine vya kiganja kizima, vimechimbwa mpaka kwenye mti wenyewe. Kila kovu lilikuwa limeshaiva na kuwa jeusi. Ndiyo maana. Zambarau ile huioni kwenye kovu la mwenzako. Ukitaka kuiona ikigeuka lazima ukate lako. Na watu waliotoka mbali hivyo, wamekishika kitabu mkononi, wangeondokaje bila kuiona? Walikuwa watu wema. Watu wanaopenda miti.

Mti hunywa kwa gome. Ukilikata likakutana mzunguko mzima, umeufunga koo. Lakini ukibaki utepe mmoja tu, hata wa upana wa vidole viwili, mti unaweza kuishi. Nerida akapiga magoti matopeni akaanza kuutafuta utepe huo kwa vidole, taratibu, kama mtu anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa. Upande wa bondeni mizizi ilisimama kama kuta, na akasema huku hawakufika. Akapanda. Wamefika. Palibaki mahali pamoja, nyuma ya mzizi mkubwa, gome zima lisilo na kovu, na moyo ukamruka.

Ili kujua kama ni hai ilibidi akate. Akatoa kisu. Alikata kadogo mno, akangoja. Ndani palikuwa kahawia, pakavu kama biskuti. Aliendelea kupakodolea macho muda mrefu, akisubiri zambarau.

Alby alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Uliona," Nerida akasema bila kugeuka. "Usiniambie hukuona."

"Niliona."

"Wewe si mtu wa mjini, Alby. Wewe unajua mti uliozungushwa gome unakuwaje."

"Babu yangu ndivyo alivyoimaliza yote hii. Anazungusha shoka, anakwenda zake, mwaka mwingine anarudi kutia moto. Nalijua hilo kabla sijajua kukamua."

"Sasa kwa nini hukunipigia simu? Kwa nini hukufunga lango? Neno moja tu, jamani, kwamba basi, imetosha!"

Alby akaizungusha kofia mikononi.

"Walikuwa wanakuja," akasema. "Baada ya kumzika Valma kulikuwa hakuji mtu, Nerida. Dereva wa lori la maziwa, na yeye hashuki. Halafu wakaanza hawa wa kitabu chako. Wawili, watatu, mara familia nzima. Wanauliza njia, nawaleta, wanakata, wanashangaa kama watoto. Wakirudi juu wanakunywa chai. Nikanunua viti. Niliona makovu yanasogeleana, nikawa nasema nitawakataza hawa wanaokuja Jumamosi. Jumamosi wanakuja, watu wazuri, mmoja ameniletea keki. Nasema basi, wa Jumamosi ijayo."

Nerida alitaka kumtukana na akashindwa. Hasira ilikuwepo, tena nyingi, ila haikujua pa kukaa. Ikimwendea Alby inarudi kwake, kwa mkono wake mwenyewe ulioandika chukua kisu. Akalia waziwazi, matope magotini, mzee yule akimtazama.

"Ukikitoa upya kitabu chako," Alby akasema hatimaye. "Utauandika tena?"

"Niandike nini? Umekufa."

"Basi hawatakuja."

"Hawatakuja, Alby."

Akavaa kofia. Akaanza kupanda mlima, kisha akasimama.

"Sikulaumu," akasema, na sauti haikuwa na ubaya wowote. "Hata wewe, mwalimu, hujawahi kuja siku mti hauna ua wala tunda."

Nerida alifungua mdomo kumkatalia. Akaitafuta siku hiyo moja kwenye miaka yote, na akaipata, akashusha pumzi: mazishi ya Valma. Siku ile alikuja kwa ajili ya Alby, akamshika mkono kanisani, akakaa naye jikoni. Halafu akakumbuka kwamba jioni, kabla ya kuondoka, aliteremka bondeni na viatu vyake vya mazishi kutazama kama vitumba vimetoka.