Sukari Isiyopokelewa

…bado, taa imewaka tangu asubuhi na vitundu vya jani chini ya hadubini bado vimebana, seli mbilimbili zimekumbatiana kama midomo ya mtu aliyenuna, wakati jani la kawaida pale pembeni limeshajiachia, linapumua, na dada kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa anasema, "Upo? Daktari amesimama hapa, anataka jibu la mpira," mpira wa kumpitishia baba chakula puani, "nipo, dada, subiri kidogo," asubiri nini, nasogeza kioo, kitundu kingine, kimebana, mimea hii tuliiondolea milango ya kuingizia sukari kwenye seli hizi, basi, hatukugusa kingine, kwa seli za jirani sukari ipo tele lakini hizi haziipokei, hazina akiba, mwanga ukija hazina nguvu ya kujitanua, jani zima linadumaa kwa kukosa hewa… "Majani yana midomo?" baba aliniuliza nilipomweleza kazi yangu, kinyozi mzima na mkasi mkononi, mteja amenyolewa upande mmoja anasubiri, "basi yaambie yasiongee sana, yatafukuza wateja," akacheka peke yake mpaka akakohoa… "Nimempa chai," dada anasema, "ile yake ya sukari nyingi, nikamwambia baba jamani, kijiko kimoja tu, kwa ajili yangu," kisha ananigeukia mimi, "wewe unashinda na majani yako, hujui," kweli sijui, jana nilimwambia dada waweke mpira, niliona ni jambo rahisi, kisichopita huku kipitishwe kule, apate nguvu, anitanie tena… "Akameza?" nauliza, "Alifumba mdomo, mdogo wangu. Nikasogeza kijiko, akanishika mkono, akaushusha taratibu," akaushusha, kwa mkono ule ambao wiki nzima haukuinuka, nguvu kaitoa wapi, kwa hiyo anayo, kidogo, na hiyo ndiyo kazi aliyoichagulia, jani hili tumelinyang'anya sisi, halina la kufanya, lakini baba hajanyang'anywa kitu, baba amekataa, na mimi ndiye niliyekuwa nataka kumlazimisha… "Upo? Nimwambie nini daktari?" nipo, jicho kwenye lenzi, kitundu kimebana vilevile, na neno lenyewe ni fupi, wasiuweke, nikishalitamka hakuna la kufuata ila kungoja, dada kule, mimi huku, na baba katikati akituacha…