Harufu Iliyobaki Stoo

Wanaume wa mkahawani, ambao hawajawahi kuchuma ua hata moja, ndio waliotuponza. Mji mzima ulipochoma matairi barabarani kwa sababu ya uvundo wa jaa, kampuni ilileta mashine za kupuliza ukungu wa manukato juu ya taka, ikauliza watu wanapenda harufu gani. Wale wa mkahawani wakajibu kwa fahari: zahari, maji ya maua ya mdanzi yanayotiwa kwenye kahawa na keki! Si ndiyo sifa ya mji wetu? Basi tangu mwaka jana taka zinaoza pamoja na zahari, na ukivuta pumzi hujui utapike au uombe kahawa.

Manubia, jirani yangu, anaishi kwa zahari. Ni mjane, ana midanzi nyuma ya nyumba, na kila inapochanua huazima mtungi wangu wa shaba akakeneka maua yake, akiyachemsha na kukinga maji ya mvuke wake. Akimaliza, mtungi hurudi kwangu, nami nakeneka mawaridi yangu kupata marashi. Hatujawahi kugombana. Mwanawe wa Tunis alishamwambia: zahari ikikosa mnunuzi, midanzi ikatwe, yeye ahamie kwake, alale kwenye kochi la jikoni.

Mnunuzi mwenyewe ni mmoja tu, Hajja Zakia, mwoka vitamutamu. Mwaka huu alipofika, Manubia alimtilia matone ya zahari kwenye kahawa kama kawaida. Hajja akakiinua kikombe, akakirudisha mezani bila kunywa.

"Usinielewe vibaya, mwanangu. Nikinusa hii, naliona jaa."

"Hajja, ni ile ile! Ile ya marehemu mama!"

"Najua. Pua yangu ndiyo haijui. Wateja wananiuliza keki nazipikia wapi. Nitapita tena mwisho wa mwezi. Hewa ikiwa hivi hivi, unisamehe."

Alipoondoka, Manubia aliketi sakafuni katikati ya maua, akajipiga mapaja. "Nimekwisha, Beya! Nimekwisha mwenzio!"

"Inuka, shoga. Twende huko huko jaani."

Wazo lilikuwa langu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Injinia Moez, msimamizi wa jaa, alitupokea kwenye kontena lake, kitambaa puani.

"Zima hizo mashine, mwanangu," Manubia akamwambia.

"Nikizima, mama, kesho matairi yanawaka tena langoni."

"Basi zifukieni taka kwa udongo kila jioni," nikadakia. "Si mliahidi nyie?"

"Udongo!" Alicheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Kila siku naomba malori ya udongo. Naletewa manukato."

Manubia akamshika mkono, akaubusu, mkono wa kijana wa rika la mwanawe. Nilitamani ardhi inimeze.

"Usifanye hivyo, mama, tafadhali. Sikiliza. Kuzima siwezi. Kubadilisha harufu naweza, leo hii. Ila stoo kumebaki pipa la aina moja tu."

"La nini?"

"Waridi. Niweke?"

Manubia akanigeukia. Machoni mwake hamkuwa na hila. Mlikuwa na lile kochi la jikoni tu. Nilingoja aseme hapana. Kisha nikataka kusema mwenyewe, nikaishia kurekebisha mtandio wangu.

"Weka," akasema.

Baada ya siku chache nikaukuta mtungi wangu mlangoni, umesuguliwa kwa majivu na ndimu, na hodi haikupigwa.

Hajja alirudi mwisho wa mwezi kama alivyoahidi. Aliinywa kahawa hadi machicha. "Hii ndiyo zahari ninayoijua mimi!" akasema, akazibeba chupa zote. Manubia alilia kwa furaha. Nilifurahi naye, wallahi nilifurahi, ingawa hakuweza kunitazama.

Kwetu mgeni haondoki bila kunyunyiziwa marashi mikononi. Nikachukua mrashi wangu, wenye marashi ya mwaka jana, nikasimama kizingitini kwa Manubia kama kila mwaka. Hajja akatabasamu, akanikingia viganja. Matone yakamdondokea. Akanusa, akairudisha mikono upesi, akaifuta kwenye nguo yake.

"Samahani, Beya mwanangu," akasema, akaangalia chini.

Nyuma yangu, ng'ambo ya ukuta, mawaridi yalikuwa ndiyo kwanza yanachanua.