Majani ya Bonareri

Ochoki hakuwa mvivu, na atakayekwambia hivyo ni mwongo. Shida yake ilikuwa nyingine: aliamini sana. Aliamini redio, aliamini mabango, na Jumapili moja alipokwenda Nyamira mjini kumsikiliza mtu aliyeitwa Kocha Andrew akifundisha namna ya kujiwekea malengo, alimwamini kuliko alivyowahi kumwamini mama aliyemzaa.

Kocha alivaa suti ya buluu na viatu vilivyochongoka, na maneno yalimtoka kama maji ya mfereji. Alisema kila mtu achague lengo moja tu, maana mshika mbili moja humponyoka. Alisema shaka ni sumu, na anayekutia shaka, hata akiwa mkeo, ni adui wa ndoto yako. Mwisho akawasimamisha wote ukumbini. "Anayeacha mlango wazi nyuma yake," alisema, "siku moja atarudi kwa mlango huohuo. Ufunge. Hapo ndipo akili yako itakapojua kwamba hakuna kurudi."

Ochoki alirudi kwao Ekerenyo na lengo lake: avokado, zile za kupelekwa ng'ambo. Atapanda, atauza, atajenga nyumba ya mawe, atampeleka bintiye Valentine shule nzuri. Hapo hakuna ubaya jamani. Nani asiyetaka kutoka kimaisha? Ubaya ulikuwa kwenye mlango. Kila alipowaza ni mlango gani aufunge, jicho lake lilitua kwenye majani chai ya mama yake.

Majani hayo yaliteremka kutoka nyuma ya nyumba hadi kijitoni. Bonareri, mama yake, aliyapanda akiwa bado bibi harusi mwenye haya, akayapalilia, akayapogoa, akayachuma mvua na jua isipokuwa siku ya Sabato. Ndiyo yaliyomsomesha Ochoki. Ndiyo yaliyoleta bonasi ya kiwanda kila mwaka, mwaka mwingine nono, mwaka mwingine ya kutia uchungu, lakini ikaja. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mtu mwenye akili zake angepanda avokado kidogo pale pembeni, akaona itakuwaje. Lakini kwa Kocha, kupanda pembeni kulikuwa woga.

Basi akavizia. Bonareri alipokwenda Manga kumsaidia binti yake Nyanchoka aliyejifungua, Ochoki aliwaita vijana wenye sururu na mapanga. Gladys, mkewe, alisimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Baba Valentine, si ungengoja mama arudi?"

"Akirudi atanizuia."

"Kwa hivyo unajua ni makosa."

"Najua ni kazi ngumu," Ochoki alisema, akapiga moyo konde. Hakuambilika, hakusemezeka. Mashina ya chai ya umri ule yana mizizi mirefu na hayakutoka kwa hiari. Yaling'olewa mpaka udongo mwekundu ukabaki uchi kuanzia nyumbani hadi majini.

Bonareri alirudi kwa bodaboda. Dereva aliposimama, mama yule hakushuka. Alitazama nyumba, akatazama mteremko, kisha akamwambia dereva kwa upole kwamba amekosea, hapa si kwake.

"Ni hapa, mama," dereva alisema. "Ni kwa kina Ochoki."

Akashuka. Aliingia jikoni akaketi, na Ochoki alipomfuata na hotuba yake ya avokado na ng'ambo na nyumba ya mawe, aliuliza jambo moja tu: "Na sasa asubuhi nitakuwa naenda wapi?"

Ochoki akamwambia kwamba sasa atapumzika. Tena alimwambia akicheka, yule mtu. Alicheka.

Miche aliinunua kando ya barabara kule Nyaramba, kwa muuzaji aliyeapa kuwa yote imepandikizwa. Gladys aliushika mmoja, akapitisha vidole kwenye shina kutoka chini hadi juu. Mche uliopandikizwa huwa na kovu pale tawi la mti bora lilipounganishwa na shina, na hilo hata mtoto wa Ekerenyo analijua.

"Mimi sioni kovu," alisema.

Ochoki mwenyewe hakuliona. Hilo ni lazima lisemwe, na angeweza kurudi Nyaramba siku ileile. Lakini shaka ni sumu. "Usinitilie sumu," alimwambia mkewe, na kabla ya jua kutua alikuwa ameshachimba mashimo ya kwanza.

Tangu hapo kila asubuhi alisimama mbele ya kipande cha kioo akajiambia kuwa yeye ni mshindi. Mahindi na maharagwe ya katikati ya miche yaliwalisha kwa shida. Mashina ya chai yakawa kuni, yakapika ugali miezi na miezi, na nyumba iliyokuwa ikipeleka majani kituo cha kuuzia chai ikaanza kununua chai ya pakiti dukani. Bonareri naye aliinywa. Baadaye alibeba kikapu chake akashuka kwa jirani yao Ondieki kuchuma kibarua. Mwanamke aliyepita miaka sabini anachuma majani ya watu, naye mwanawe yuko juu ya mteremko akimwona vizuri kabisa.

Miti iliendelea kurefuka tu. Ilinawiri, ilijaa majani, na haikutoa ua hata moja, mwaka baada ya mwaka. Gladys alivumilia kuliko ambavyo wengi wangevumilia, kisha akamchukua Valentine akaenda Kisii mjini kupika chapati hotelini. "Sikuachi," alisema. "Natafuta chakula." Mwanzoni alirudi kila mwisho wa mwezi.

Hatimaye miti ilipozaa, Ochoki alipiga magoti palepale shambani akamshukuru Mungu. Wakala wa wanunuzi akaja, akachuma tunda, akalikata kwa kisu. Lilikuwa kubwa, la majimaji, lenye nyuzinyuzi ndani. Akachuma la mti wa pili, likawa na umbo jingine kabisa.

"Hii ilipandwa kwa kokwa, mzee," alisema, akifuta kisu kwenye suruali. "Haiwezi kupanda ndege. Wape majirani."

Majirani walikuwa na zao.

Alimpigia Kocha simu. Kocha hakumkumbuka, maana amefundisha wengi, lakini alimsikiliza. Kisha akashusha pumzi akamwambia matunda ya nje hufuata mizizi ya ndani, basi ajiulize ni wapi katika fikra zake alipokosa kuamini. Ochoki akamshukuru. Alikaa na simu kiganjani, akajiuliza kwa dhati, akaupekua moyo wake wote, na hakupata mahali popote alipokosa kuamini. Hilo ndilo lililommaliza. Kesho yake alikigeuza kile kipande cha kioo kikatazama ukuta.

Alilala wiki nzima kama mgonjwa, kisha akaamka akaikata ile miti yote. Ondieki alimhurumia akampa miche ya chai kutoka kitalu chake. Ochoki akavuta kamba ya kunyooshea mistari, akaanza kuchimba mashimo upande wa kushoto wa nyumba, mahali penye rutuba nzuri, akikusudia kuteremka taratibu hadi kijitoni. Bonareri akarudi kutoka kibaruani, kikapu mgongoni, akamkuta ameinama.

"Unafanya nini, Ochoki?"

"Nakurudishia majani yako, Mama. Miaka mitatu tu, au minne, utachuma tena ya kwako."

Bonareri aliteremsha kikapu. Alisogea mpaka karibu na ukuta wa nyumba, akatoboa udongo kwa fimbo yake, akasonga hatua chache, akatoboa tena, mpaka akamaliza pembe zote nne.

"Panda kote," alisema. "Hapa usipande."

"Lakini hapa ndipo pazuri kuliko kote, Mama."

"Wewe ni Mgusii. Unajua mwanamke huzikwa upande gani wa nyumba yake." Alisema bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. "Watakuja kupachimba kabla wewe hujachuma. Sitaki majani yang'olewe tena, mara hii kwa sababu yangu."

Akaokota kikapu chake akaenda jikoni kuwasha moto. Ochoki aliweka jembe chini. Kisha akang'oa kigingi cha kamba yake, akaisogeza, akaendelea kuchimba akiacha ile nafasi.