Vipepeo Juu ya Mzoga

Ng'ombe wa Gumato alikuwa ameoza hadi tumbo limepasuka, na maji yaliyompitia ndiyo yaliyoingia katika mpunga wangu na katika mtungi wangu. Mwaka ule wa hamsini na moja, mto ulipoanza kurudi mahali pake baada ya mafuriko, kijiji chetu kizima cha Wema kilinuka matope na samaki waliokufa, lakini huyu aliyekwama mferejini alizidi yote.

Mume wangu Jairus alikuwa na kamba tayari. Tatizo lilikuwa Gumato mwenyewe, mwanamke wa wafugaji. Ng'ombe alikufa yeye akiwa amelazwa hospitali kule Ngao, akarudi akamkuta hivyo. Tangu asubuhi alikuwa ameketi kando yake, hazibi pua, hatemi mate, na hataki ng'ombe aguswe. Kumvuta kwa nguvu ng'ombe wa mfugaji ni kutafuta vita.

"Mama Dabaso," nikamwambia Gumato, "wanangu wanaharisha. Wanakunywa uchafu huu."

"Ngoja, Mama Komora. Huyu nyeupe yangu. Maziwa yake imelea watoto yangu yote. Mimi hapana ona yeye akikufa."

Nyeupe! Alikuwa mweusi kama chungu, funza wanachemka mwilini.

Jua lilipopanda wakaja vipepeo. Weupe, wengi ajabu, wakamshukia mgongoni, ubavuni, mpaka usoni, wakamfunika mzima. Msidhani nasifu. Nilijua wamefuata nini: walikuwa wakifyonza usaha. Uzuri gani huo unaokunywa usaha? Nikatema mate. Lakini mabawa yalikuwa yakifunguka na kujifunga, na ng'ombe yule akawa mweupe tena, ubavu ukipanda na kushuka, kana kwamba amelala tu anacheua. Hata Jairus aliiweka kamba chini.

Gumato akainama, akamwita polepole kwa lugha yao, jina ambalo sikulishika.

Kisha upepo ukavuma kutoka mtoni, wakaruka wote kwa mpigo. Ikabaki ile nyama nyeusi.

Gumato akajikunja, akatapika. Akavuta ushungi wake, akaziba pua.

"Ananuka," akasema, machozi yakimtoka. "Leta kamba."

Aliifunga mwenyewe kwenye pembe, akavuta kutushinda sisi.