Siku Bi Maisara Alipokwenda Kula kwa Wachina

Wanafunzi wa chuo kile cha ufundi cha Tononoka walikuwa na pahali pawili pa kula Kichina, na kila mmoja wao alikuwa na upande wake. Kulikuwa na mkahawa wa Mbaraki, wenye vitambaa vya meza na samaki hai ndani ya tangi la kioo, walikokula mabaharia na wahandisi. Shifa na rafiki yake Kanze waliwahi kwenda huko na wenzao watatu. Wakaagiza supu moja na vijiko vitano, na mhudumu akaileta kwa heshima kubwa kana kwamba wameagiza ng'ombe mzima. Walicheka mpaka wakaombwa wacheke kwa sauti ya chini.

Halafu kulikuwa kwa Mama Shulani, hatua mia moja kutoka lango la chuo: meza sita, viti vya plastiki, na dirisha la jikoni lisilo na pazia. Mama Shulani alikuwa Mwislamu, mtoto wa Waislamu, kutoka upande wa bara kabisa wa Uchina, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, bahari huonekana kwenye televisheni tu. Alipika tambi za kuvuta kwa mkono. Alichukua donge la unga, akalipiga mezani pwaa!, akalivuta kwa urefu wa mikono yake, akalikunja, akalivuta tena. Uzi mmoja ukawa nyuzi mbili, mbili zikawa nne, na kabla hujameza mate, mikononi mwake mlikuwa na nywele za unga mia na zaidi zikicheza hewani. Siku ya kwanza Shifa alipoona hayo, alisahau kula. Supu ilipoa mbele yake. Kanze akaimaliza.

Tangu siku hiyo Shifa alikuwa kila Jumamosi jikoni kwa Mama Shulani. Sasa alikuwa amehitimu, ana stashahada yake ya upishi, na Mama Shulani alikuwa amemwambia neno lililomfanya akose usingizi kwa furaha: aje awe mpishi wa pili, na Mungu akijaalia, mwakani wafungue duka dogo la tambi katika Mji wa Kale.

Lakini mjomba wake Aidarus naye alikuwa amemtafutia kazi, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kuna kiti cha kuzunguka na feni, alisema, na kiti hakingoji baada ya Jumatatu. Neno la mwisho lilikuwa la Bi Maisara, nyanya aliyemlea Shifa kule Kibokoni tangu akiwa wa kubebwa. Na Bi Maisara hakuwa mtu wa kukisia.

"Sitoi radhi kwa kitu nisichokionja," alisema. "Alhamisi nitakwenda mwenyewe. Nikiridhika, utavaa hiyo aproni yako. Nisiporidhika, Jumatatu utakwenda kwa Aidarus, wala sitaki kuona uso umenuna."

Basi Alhamisi, baada ya sala ya Adhuhuri, tuktuk ilisimama mbele ya meza sita za Mama Shulani, na Bi Maisara akateremka na buibui lake lililofukizwa udi, akitazama kila kitu kama anayekagua nyumba ya kupanga. Kanze alikuwa ameshafika, amekaa meza ya pembeni na kitabu alichokishika juu chini.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Na hicho kitabu wakisoma kwa kichwa au kwa miguu?"

Kanze akakigeuza.

Mama Shulani alitoka jikoni akijipangusa unga. Bi Maisara akamtolea salamu fupi, ya kumpima. Mama Shulani akaipokea ndefu, akaiitikia yote mpaka mwisho, na rehema na baraka, bila kuruka hata herufi. Unyusi wa Bi Maisara ukapanda.

"Amemaliza zote," alimnong'oneza Shifa. "Ubaid wa duka la nyama huishia nusu."

Tambi zikaja, ndani ya bakuli kubwa, zikiwa na vipande vya nyama, vitunguu vya majani na pilipili inayoelea.

"Tambi na nyama?" Bi Maisara akauliza. "Tambi si za sukari na iliki?"

"Hizi ni za chumvi, Nyanya."

"Haya. Kuishi kwingi ni kuona mengi."

Akala. Bi Maisara alikula polepole kwanza, kisha si polepole, kisha akavua miwani kwa sababu ya mvuke, na mwisho akapangusa bakuli mpaka ua jekundu lililochorwa chini likaonekana. Kwake yeye kuacha chakula kilikuwa israfu, na israfu ilikuwa dhambi inayokwenda kwa miguu miwili. Kisha alishusha pumzi, na Shifa aliyemjua alihisi moyo unampaa kama unga wa Mama Shulani.

Hapo ndipo chai ilipoletwa.

Haikuwa chai ya rangi ya vikombe vya plastiki wanayopewa wanafunzi. Hii Shifa hakuwahi kuiona. Ilikuja katika bakuli dogo la kaure, juu ya kisahani, na kifuniko chake. Ndani mlikuwa na majani ya chai, zabibu kavu, kipande cha sukari ya mawe, na matunda matatu mekundu ya kunazi yaliyokauka. Mama Shulani akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa, kwa mkono wa kulia, akarudi nyuma hatua moja, akasimama.

Bi Maisara akanywa. "Mashaallah," akasema kwa dhati. Akanywa yote. Zikabaki kunazi na majani.

Mama Shulani akamimina tena.

Bi Maisara akatabasamu, akanywa. La pili. La tatu. Kila alipoliweka chini, Mama Shulani alisogea, akainua kifuniko, akachungulia, akamimina. Bakuli la nne Bi Maisara alilinywa akitazama dari. La tano alilinywa baada ya kulegeza buibui.

"Shifa," alinong'ona bila kusogeza midomo, "huyu mama yuwanifanya nini?"

"Anakukirimu, Nyanya. Nimwambie basi?"

"Usithubutu! Mgeni hasemi basi. Atasema watu wa Kibokoni hawakufunzwa adabu. Nitakunywa mpaka achoke yeye."

"Liache basi likiwa limejaa."

"Nimwage neema ya Mungu mbele ya mwenyewe? Weye umesoma chuo gani?"

Bakuli la sita. Kwenye meza ya pembeni kitabu cha Kanze kilikuwa kinatetemeka, na nyuma yake ilisikika sauti kama ya kuku anayekabwa. Shifa alimkanyaga mguu alipopita. Lakini yeye mwenyewe kicheko kilikuwa kimemfika kooni, na hofu imekaa palepale, vikisukumana. Maana aliuona uso wa nyanya yake. Miguu ya Bi Maisara, chini ya meza, ilikuwa imepandishwa mmoja juu ya mwingine na kubanwa sawasawa. Mwanamke yule alikuwa anataka kwenda msalani, na angeona heri kuzama baharini pale Feri kuliko kulisema hilo na bakuli la mwenyeji limejaa mbele yake. Akiondoka hapa na aibu, radhi imeondoka naye, na Jumatatu ni kiti cha kuzunguka.

La saba. La nane. Chupa ikaisha.

"Alhamdulillahi," Bi Maisara akatamka, kwa sauti iliyotoka mbali.

Mama Shulani akaenda kujaza chupa nyingine. Shifa akamfuata mbio mpaka jikoni, na huko alimkuta mama wa watu ameshika kiuno, uso umejaa wasiwasi.

"Shifa, nyanya yako kiu sana," akasema. "Hii chupa ya pili. Yeye mgonjwa? Ana sukari? Niambie kweli, mimi silali leo."

"Hana sukari, Mama. Kwa nini unamtilia tu?"

"Sasa niache vipi? Hajala kunazi!"

"Kunazi?" Shifa akauliza.

"Kwetu mgeni akitosheka," Mama Shulani akaeleza, akimwonyesha kwa vidole, "anatoa kunazi, anakula. Mimi naona, naweka chupa chini, nafurahi. Asipokula kunazi, bado anataka. Mimi nisimnyime mgeni. Nimwache na kiu? Nyanya yako? Leo?"

Shifa alishika ukingo wa meza ya unga. Alimwona akilini nyanya yake nyumbani, na birika la chai ya viungo, mdalasini na iliki na tangawizi zikibaki chini ya kikombe, na yeye akiwa mdogo akitaka kutafuna kipande na kupigwa mkono: chai hunywewa, viungo huachwa, hatafuni makapi ila mwenye njaa. Bi Maisara angeweza kunywa bahari ya Kilindini yote, asiguse kunazi ile hata moja. Na Mama Shulani angemmiminia bahari hiyo mpaka Isha. Mmoja kwa adabu na mwenzake kwa ukarimu, walikuwa wanauana.

Akatoka mbio. Mama Shulani nyuma yake, na chupa.

"Nyanya, kula kunazi!"

"Kunazi gani?"

"Hizo za chini. Kula moja, ataacha."

Bi Maisara akachungulia ndani ya bakuli kama aliyeonyeshwa jongoo. "Nitafune makapi? Mbele za watu? Na kunazi! Mwanangu, mkunazi si ndio tunaooshea maiti?"

"Yale ni majani, Nyanya, haya ni matunda, na ni desturi yao, ukila ndio umesema umeshiba, asante, Mungu akuzidishie, yote hayo, bila kufungua mdomo!"

"Kula nako ni kufungua mdomo."

"Nyanya!"

Maji ya moto yalikuwa yameshaanza kuteremka kwenye bakuli la tisa. Bi Maisara akanywa haraka haraka, kwa macho yaliyofumbwa, kisha akachovya vidole viwili, akanyakua kunazi, akaitia mdomoni na kuitafuna kwa uso wa mtu anayetoa shahada.

Mama Shulani akaweka chupa chini papo hapo. Akapiga makofi. Akacheka kicheko kikubwa cha kupona. "Alhamdulillahi! Nyanya ameshiba!"

"Msala uko wapi?" akauliza Bi Maisara.

Haijapata kuonekana Mombasa bibi wa miaka sabini na mbili akikimbia vile na buibui. Kanze alianguka kutoka kwenye kiti. Shifa alimwangukia juu, wakashikana, wakacheka bila sauti, machozi yakiwatoka, na Mama Shulani alipoelezwa kilichotokea alijifunika uso kwa aproni na mabega yake yakaanza kuruka.

Bi Maisara aliporudi, mwepesi kama karatasi, alikuta watu watatu wamesimama wima kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Aliwatazama mmoja mmoja. Mdomo wake ukacheza pembeni. Kisha ukamshinda, akakaa kitini na kucheka mpaka akashika ubavu.

"Bakuli tisa!" alisema. "Nilidhani mwanamke huyu ametumwa!"

Alipotulia alijipangusa macho, akavaa miwani, na Shifa akajua sasa ndipo.

"Nisikize. Nimekunywa mara tisa. Mara zote tisa huyu mama amenimiminia kwa mkono wa kulia, naye amesimama. Hakukaa mimi nikinywa. Hakutazama simu. Mwaka jana nilikwenda kwenye ofisi ya Aidarus kwa ajili ya karatasi moja, nikakaa kutwa nzima, hakuna aliyeniambia hata, 'Maji hayo, Bibi.'" Akatoa simu mkobani. "Aidarus? Waalaikumu salamu. Kile kiti chako, baba, kitafutie mtu anayependa kuzunguka. Shifa ana kazi. ...Ndiyo, kwa Wachina. ...Ukitaka kujua kwa nini, ndoo mwenyewe hapa unywe chai."

Akakata. Akaweka kiganja chake chenye joto juu ya kichwa cha Shifa. "Radhi yangu unayo. Nenda. Watoto wale pale mlangoni wana njaa."

Kweli wanafunzi wanne walikuwa wanaingia, wakipigania meza. Mama Shulani akavua aproni yake mwenyewe akamfunga Shifa, na kumsukumia donge la unga. Shifa akalipiga mezani. Akavuta kwa pupa ya furaha, uzi mmoja ukatoka mnene kama kidole na mwingine mwembamba kama unywele.

"Hizo ni tambi au kamba ya kufungia mbuzi?" Kanze akapaza sauti dirishani.

"Wewe nyamaza," alisema Bi Maisara, akivuta kiti chake karibu na dirisha apate kuona vizuri. "Shifa! Ile nene niwekee mimi."