Mnyama wa Bwawani

Mnyama aliyeokotwa ukingoni mwa bwawa hakuwa na manyoya hata kidogo. Alikuwa amevimba, ngozi nyeupe, midomo imerudi nyuma na meno yote nje. Kinyozi alisema ni nguruwe wa majini. Fundi baiskeli, ambaye wenzake humwita Redio kwa sababu hazimiki, akaapa kwamba babu yake aliwahi kuliwa miguu yote miwili na mnyama kama huyo. Alipoulizwa babu huyo alirudije nyumbani kusimulia, akabadilisha mazungumzo.

Ikabidi aitwe mwalimu wa baiolojia, akaja na chaki vidoleni.

Alimtambua kabla hajamfikia. Alikuwa mbwa wa mama yake. Mbwa alizeeka, haoni, anajikojolea barazani, na mke wa mwalimu alichoka kupiga deki. Ndipo mwalimu akamtia kwenye gunia kuukuu na jiwe, akamtosa bwawani, kisha akamwambia mama amempeleka shambani kwa rafiki akapumzike. Mama alishukuru, na kila mara alimtumia rafiki huyo salamu. Siku za mwizi ni arobaini, na zake zilitimia mbele ya majirani wote.

"Mwalimu, au ni mbwa tu huyu?" kinyozi akauliza.

"Si mbwa," akajibu haraka. Na kwa kuwa uongo haupendi kukaa peke yake, akaongeza kwamba ni jamii ya fisi maji, adimu sana, tena hatari kumgusa, azikwe upesi. Watu wakarudi nyuma.

Mama yake hakurudi nyuma. Naye alikuwa amekuja kuona ajabu. Akachuchumaa kwa taabu, akashika mguu wa nyuma uliopinda, ule aliowahi kuufunga vijiti kwa mikono yake ulipovunjika. Akaukunja, akaukunjua. Kisha akamtazama mwanawe. Redio akamuuliza mama yeye anaonaje.

"Mimi nitajua nini?" akasema mama. "Msomi ameshasema."

Watu wakampigia mwalimu makofi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, heri mama angemtukana. Akamwinua mama, wakaenda nyumbani.

Jioni mwalimu alizubaa nje mpaka akaona haya kuendelea kusimama, akaingia. Mama alikuwa amemwandalia chakula na kukifunika, kama kawaida. Tangu utotoni mwake, mama hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina lolote ila baba.

"Karibu chakula, mwalimu," akasema.