Gunia la Mwisho la Chokaa

Papa Clovis alikuwa amebaki na gunia moja tu la chokaa, na watu wawili walilitaka.

Lilikuwa gunia la uwanja wa klabu ya Étoile, kule mtaa wa Katuba. Uwanja huo aliulima kwa jembe lake, wakati pale palikuwa vichuguu vitupu. Kila Jumamosi alichora mistari, mke wake Adolphine akimshikia ncha ya pili ya kamba.

"Vuta, Clovis! Mistari yako iko inapinda sawa miguu yako!"

Hapo watu walicheza mpira, wakasali misa ya Pasaka, wakaozesha watoto. Kisha wakubwa wakasema Katanga ni nchi peke yake. Wakauchukua uwanja kwa hotuba zao na magari ya askari, na majani yakafa.

Adolphine naye akafa. Alipougua, Clovis alimsukuma kwenda hospitali juu ya toroli ya chokaa; kwenye kizuizi cha barabarani askari wakadai karatasi yenye muhuri. Muhuri! Ulipopatikana, mgonjwa hakuwako tena.

Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa 1961. Watu wa Kasai waliofukuzwa makwao walijaa uwanjani kutoka goli mpaka goli, wakipika bukari, yaani ugali, pale penalti hupigwa. Mama Victorine, mkunga, alikuwa amechimbisha vyoo nyuma ya jukwaa.

"Papa, nzi inatoka mu mashimo, inatua mu bukari. Batoto batatu banaharisha. Utupe ile chokaa, tuimwange mu mashimo."

Kabla hajajibu, akaingia Bwana Antoine, président wa klabu, na tai yake shingoni.

"Clovis, siku ya Mungu tunacheza. Bakubwa banaleta bazungu ba magazeti, baone muji uko na amani. Uchore mistari leo. Hawa batu, askari watabaondosha kesho."

"Watabapeleka wapi, Bwana Président?"

"Ile haiko kazi yako. Bila mistari arbitre hapige filimbi, na chokaa ingine haiko mu muji. Chora!"

Clovis alikuwa na chumba kimoja chini ya jukwaa, na humo vitambaa vya kichwa vya Adolphine vilikuwa bado kwenye msumari. Alijua maana ya kukataa. Akafunga kamba kwenye goli, akaanza kutembea nayo.

Kamba ikafika kwa mama mmoja aliyekuwa anampangusa mtoto wake mgonjwa. Akakunja blanketi lake, akasogea, akainua kamba ipite juu ya mtoto.

"Pita, Papa. Fanya kazi yako."

Clovis akasimama. Hata yule askari wa kizuizini alikuwa anafanya kazi yake.

Akageuza toroli yenye gunia. Jioni Antoine alimkuta nyuma ya jukwaa, mweupe kwa chokaa mpaka nyusi.

"Mistari iko wapi?"

"Iko mu mashimo, Bwana Président. Chungulia."

"Weye uko mwendawazimu! Toka mu chumba cha klabu!"

"Ninatoka. Na bazungu benu mubaambie muji uko na amani."

Jumapili, siku ya Mungu, bila mistari arbitre hakuja, na bila mechi askari nao hawakuja. Wakubwa, sijui walipeleka wazungu wao wapi. Clovis alikuwa katikati ya uwanja na vitambaa vya mkewe, Victorine akitafuta pa kuanika nguo za watoto.

"Papa, si uko na kamba?"

Akaitoa. Akampa ncha moja, yeye akashika ya pili.

"Vuta, mama," akasema. "Isipinde."